Dirisha Jeusi na Pweza wa Juani

Siku yangu ya kwanza kazini Mafia, Mhifadhi Mkuu alinionyesha kompyuta ya Windows iliyofunikwa kanga. "Mama Neema, hili ndilo shamba lako. Lima." Mimi mtu wa Songea, bahari nilikuwa naijua kwa picha tu.

Kazi yangu ilikuwa kutunza kumbukumbu za samaki walioteremshwa kwenye madiko yote ya hifadhi ya bahari. Mafaili yaliongezeka hata jedwali likawa linaganda kila nikilifungua, nami nakaribia kulia. Ndipo Afisa Takwimu, Mpare bahili hata wa maneno, akaniwekea Cygwin, zana za Unix zinazofanya kazi ndani ya Windows. Likafunguka dirisha jeusi lisilo na kitufe hata kimoja. Unaandika amri, linajibu. Grep hutafuta mistari yenye neno unalotaka, awk huchambua safu kwa safu. "Hapa kipanya kinalala," akasema, akaenda zake.

Mwaka mmoja ikaja hoja ya kuufunga mwamba mmoja upande wa kisiwa cha Juani, usivuliwe tena. Ripoti ilionyesha kwamba hakuna anayevua pale. Bi Mwanahawa wa Juani akavuka kuja ofisini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ati mwasema pale hapana mtu? Twachokoa pweza pale tangu enzi za mama zetu. Mkifunga, wajukuu zangu wale nini?"

Nikamuuliza wanatumia chombo gani. Akacheka. "Chombo cha nini? Maji yakitoka, twenda kwa miguu."

Hapo nikaelewa. Ripoti ilihesabu vyombo, na asiye na chombo hakuhesabiwa. Nikaiamuru awk initolee mistari yote ya mwamba ule ambayo safu ya chombo ilikuwa tupu. Skrini ikajaa pweza na majina ya wanawake. Bibi akataka nimsomee. Nilipofika kwenye jina la marehemu dada yake, akaniwekea mkono begani.

Mhifadhi Mkuu alisoma yote akiwa amesimama. "Kumbe tulihesabu mitumbwi, tukasahau watu." Mwamba haukufungwa.

Sasa nimestaafu, naishi Miburani, hapa hapa Mafia. Vijana mna programu nzuri kuliko zangu, nami siwaonei wivu. Namshukuru Mungu kwa kazi ile, na yule Mpare kwa maneno yake machache.

Kila bamvua, maji yanapotoka mbali, hunifikia pweza kutoka Juani. Anayemleta hataki hata chai. Hutoa salamu ile ile aliyotumwa: "Bibi anasema, tupo."