Dakika Kumi za Mbele

Saa yangu ya kwanza ya mkononi niliinunua mjini Lindi, katika miaka ya mwanzo ya ujamaa, nilipokuwa nimepangiwa kufundisha katika kijiji kipya upande wa bara wa Kitomanga. Fundi saa aliyeniuzia, mtu wa sauti ndogo, aliniondoa kwenye saa za rangi ya dhahabu nilizokuwa nikizitazama, akaniwekea mbele moja ya chuma, yenye uso mweupe na tarakimu kubwa. Hiyo, alisema, inamfaa mtu anayelima na kuandika ubaoni siku hiyo hiyo. Kisha alinipa masharti, nami nikayaandika: itiwe ufunguo kila asubuhi ikiwa imevuliwa, na vidole viache mara ufunguo unapokuwa mzito, mkanda uwe wa nailoni, kwa kuwa ngozi huoza kwa jasho la pwani, ivuliwe kabla ya kugusa maji, na mishale isirudishwe nyuma kamwe, bali izungushwe mbele, hata ikibidi raundi nzima.

Sharti la tano nilijiwekea mwenyewe. Mwaka uliotangulia nililikosa basi pale Somanga kwa ajili ya kikombe cha chai, nikafika nyumbani na kukuta mama amekwisha zikwa. Tangu hapo sikutulia. Niliitanguliza saa dakika kumi bila kumwambia mtu, na kila nilipoulizwa saa nilizipunguza dakika hizo kimoyomoyo kabla ya kujibu. Darasani niliitazama mara nyingi mno, hata mwanafunzi mmoja akauliza kama Mwalimu ana mgeni njiani.

Kijijini hapakuwa na saa nyingine iliyokwenda, na redio ya ofisi ilikuwa haina betri. Kwa hiyo Ramadhani ilipoingia pamoja na mvua za kwanza, muadhini wetu, mzee aliyekuwa ameacha mashamba yake ya zamani kama wenzake wote, alinijia kila jioni ya mawingu kuniuliza. Siku zile jua lilikuchwa saa kumi na mbili na dakika ishirini.

Jioni moja mbingu zilikuwa zimefunga tangu adhuhuri. Nilikwenda kutia udhu, nikaivua saa kama nilivyofundishwa, nikaiweka kwenye dirisha la msikiti. Muadhini alipita, akaiona, akaisoma mwenyewe. Hakuona sababu ya kunisumbua. Nilikuwa naosha mguu wa kushoto aliponadi. Kiu ilikuwa kali, nami niliiamini sauti yake kama kila mtu alivyoiamini. Nikanywa maji. Nyumba zote zikafungua kinywa.

Hapo wingu likapasuka upande wa magharibi, na jua likatokea chini yake, zima, likiwa bado juu ya mikorosho. Bibi mmoja wa nyumba ya jirani akaita kutoka uani, kikombe cha uji mkononi: "Muadhini, na hilo linalotuangalia ni nini?"

Watu walikusanyika kibarazani. Muadhini hakuitaja saa. Alisema tu kwamba labda hakuona vizuri. Wazee wawili wakajibu, kwa upole uliouma kuliko ukali, kwamba macho yamechoka, na baada ya Idi atafutwe mwingine wa kunadi. Yeye aliinamisha kichwa. Nilikuwa nafunga mkanda, na mkanda haukufungika. Nikinyamaza, mzee angepoteza kazi pekee aliyohama nayo. Nikisema, kijiji kizima kingejua ni nani aliyekiharibia siku ya mfungo.

"Macho ya mzee hayana kosa," nilisema. "Saa yangu iko mbele dakika kumi. Niliitanguliza mwenyewe."

Wakataka kujua kwa nini. Nikaeleza habari ya basi na ya mama, kwa maneno machache. Muadhini akanigeukia.

"Basi umelikosa wewe, Mwalimu, halafu tufuturu mapema sisi?" Kuna waliocheka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama Mungu amrehemu. Iweke sawa hapa hapa, tukiona."

Nilikivuta kitufe cha ufunguo, saa ikasimama. Nikaizungusha mishale mbele, hata ule mfupi ukapiga raundi nzima, hadi saa kumi na mbili na dakika ishirini, nikaishikilia pale. Tukaketi tukilitazama jua. Halikuwa na haraka. Mimi niliyezoea kuutazama mkono wangu kila mara sikuwa na cha kutazama ila mshale usiokwenda. Ukingo wa mwisho ulipozama, muadhini alinigusa bega. Nikakisukuma kitufe, naye akasimama kunadi mara ya pili.

Wasiwasi haukunitoka; nilichobadilisha ni kutoka nyumbani mapema zaidi, na kungoja mabasi kwa muda ambao watu waliuona wa ajabu. Siku ile tuliilipa baada ya Idi, kijiji kizima kwa pamoja. Jioni ya siku hiyo ya kulipa mbingu zilikuwa nyeupe, hazina hata wingu moja, lakini muadhini alikuja mlangoni kwangu akauliza saa. Nikamsomea kama ilivyokuwa, bila kupunguza kitu.