Faili la Jumapili ya Tano

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa kompyuta. Nilionyeshwa panya. Mkuu wa Masjala, bwana mfupi aliyevaa kaunda suti ya kijivu siku zote za juma, alifungua mlango wa stoo ya mafaili pale Tarime mjini, panya wawili wakachomoka, akasema, "Hao ndio adui zako, kijana. Wa tatu ni wewe mwenyewe."

Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimetoka kidato cha nne, najua kupiga taipu, viatu vya kuazima miguuni, lakini kichwani najiona afisa mzima. Masjala, kwa ninyi mliokulia kwenye simu, ni chumba ambako kila barua inayoingia ofisini inapewa namba na kuwekwa kwenye faili lake. Faili likishiba halitupwi. Unalifunga, unaandika juu yake juzuu la kwanza, unafungua la pili. La kwanza linahamia rafu ya nyuma, miaka ikipita linakwenda stoo, na huko linakaa na panya wake. Siku ya kuchoma karatasi wanakaa watu watatu, wanapitia orodha mstari kwa mstari, wote watatu wanatia sahihi. Bwana yule hakuchoma hata bahasha bila sahihi tatu. Mimi nilimcheka kimoyomoyo kwa miaka.

"Karatasi haina mdomo," alikuwa akiniambia, "lakini siku ya kesi yenyewe ndiyo inaongea, na watu wote wananyamaza."

Kompyuta zilipoingia maofisini nilipelekwa kozi Mwanza, kisha nikapangiwa Mugumu, Serengeti. Nilikaa huko miaka mingi nikivuta nyaya darini na kutoa mijusi ndani ya printa. Baadaye nikahamishiwa hospitali moja upande wa Nyamongo. Jina la hospitali sitaji, wanaoijua wanaijua. Cheo changu kikawa Afisa TEHAMA, maana yake kitu chochote chenye waya kikigoma, aitwe Mwita.

Kazi kubwa ilikuwa seva. Ni kompyuta ile ile, ila haikai mezani kwa mtu: inakaa kwenye chumba chake chenye feni, na kompyuta zote za wodini, maabara na dawa zinaiuliza kila kitu. Na seva ina tabia moja. Inaandika. Nesi akiingia kwenye mfumo, inaandika jina lake na saa. Akifungua faili la mgonjwa, inaandika. Daktari akibadilisha neno moja, inaandika. Maandishi hayo tunayaita logi. Mgonjwa hayaoni, nesi hayaoni, na usipoyaangalia yanaota kama magugu mpaka yanaijaza diski.

Ndivyo ilivyotokea. Jumatatu moja diski ilijaa, mfumo ukasimama, foleni ya dawa ikafika getini. Katibu wa Hospitali, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akaja mpaka mlangoni kwangu.

"Mwita! Mashine yako imekula nini mpaka ikavimbiwa?"

"Imejaa logi, Katibu. Kumbukumbu za nani kafanya nini na saa ngapi."

"Na nani anazisoma?"

"Hakuna."

"Basi futa! Na isijae tena mimi nikiwa hapa."

Nikafuta za zamani, kisha nikaipangia seva ratiba ya kuzungusha logi. Nitaeleza polepole, anayejua aruke. Kila Jumapili alfajiri, watu wakijiandaa kwenda kanisani, seva inalifunga faili la logi la wiki, inalipa namba moja na kulibana liwe dogo, halafu inafungua jipya. Jumapili inayofuata, namba moja inakuwa mbili. Mbili inakuwa tatu. Ni masjala ile ile, ila haina panya na haina mkuu. Mwisho unaiambia mafaili ya nyuma yabaki mangapi, na linalozidi inalitupa. Pale panapoandikwa idadi palikuwa na mfano uliokuja na programu yenyewe: nne. Nikaacha nne. Sikukaa kikao, sikuita shahidi. Nilibonyeza kitufe nikaenda kunywa chai.

Mpango ulikuwa faili likifika namba nne nilinakili kwenye diski ya nje, nilifungie kabatini. Diski ilinunuliwa kweli. Katibu akaiazima mara moja tu, ahifadhi video za send-off ya binti yake, na ikaishia hukohuko. Nilimkumbusha mara mbili. Mara ya tatu nikaona aibu. Lakini simsingizii. Baadaye seva yenyewe iliwekewa diski kubwa, nafasi ikawa tele, ningeweza kubadilisha ile nne ikawa mia na asijue mtu. Sikubadilisha, kwa sababu hakuna aliyelalamika.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Jumanne moja alifariki mzazi wodini. Aliitwa Nyangi. Alijifungua salama alfajiri, baadaye damu ikaanza kutoka na haikukata. Aliyekuwa zamu ni Sista Bhoke, binti wa Nyambureti, nesi mkimya aliyekuwa akinipigia simu kila mfumo ukizubaa: "Mzee Mwita, njoo, kitu chako kimelala." Alisema aliingiza ombi la damu kwenye mfumo saa nne asubuhi. Damu ilifika wodini saa tisa, na Nyangi alikuwa ameshakata roho. Mfumo ukifunguliwa ulionyesha ombi limeingizwa saa nane mchana.

Hapa ndipo kazi yangu ilipokuwa. Mfumo ulihifadhi saa ya mwisho tu. Mtu yeyote akilifungua ombi la saa nne na kulihifadhi upya saa nane, mfumo unaonyesha nane. Logi ndiyo iliyokuwa na zote mbili, pamoja na jina la kila aliyegusa. Kama Bhoke alisema kweli, ushahidi wake ulikuwa kwangu, kwenye chumba cha feni. Kama alidanganya, ulikuwa hukohuko pia.

Wiki ile hakuna aliyeuliza. Nyangi alikuwa ameolewa na mtoto wa Mzee Chacha, mtu wa ukoo wetu, kwa hiyo nilikwenda kuzika. Mume alikuwa mbali, kwenye mashamba ya miwa, alizikiwa mke hajafika. Tulikaa wanaume upande mmoja, ugali na nyama mbele yetu, vijana wakaanza kunung'unika juu ya hospitali. Mmoja akasema twende sasa hivi tukawaulize. Mzee Chacha akainua mkono, akamwita mura, yaani kijana kwa lugha ya kwetu.

"Mura, nyamaza. Maneno ya hospitali hatuyasemi hapa. Mwenye mke hajafika. Akija, tukae, tunyoe nywele, tumalize msiba. Halafu nitakwenda mimi mwenyewe, mchana, kwa mlango wa mbele."

Wote tukaitikia. Hata mimi. Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili, na ninajua msiba wa kwetu unaosubiri mtu haumalizwi kwa wiki mbili. Mtu mwingine yeyote wa TEHAMA, aliyeletwa kutoka Dodoma au Dar, angeweza kusema hakujua. Mimi nilijua. Nikanawa mikono, nikapanda bodaboda, nikarudi kazini. Sikuyaunganisha maneno yale na ile nne yangu. Au niliyaunganisha nikajiambia hayatafika huko. Nimejiuliza sana, na kila nikijiuliza jibu la pili ndilo linalonitazama usoni.

Jumapili ya kwanza faili la wiki ile likawa namba moja. Ya pili, mbili. Jumapili ya nne lilikuwa nne, bado lipo, ningelinakili hata kwenye simu yangu. Jumapili ya tano alfajiri seva ikalitupa, nami nilikuwa napiga pasi shati la kanisani.

Mzee Chacha alikuja Jumatano, siku tatu baadaye. Kichwa kimenyolewa, fimbo mkononi, kupitia mlango wa mbele kama alivyoahidi. Hakupiga kelele. "Tumemaliza msiba," alimwambia Mganga Mfawidhi, daktari mkuu wa hospitali. "Sasa tunataka kujua."

Niliitwa nitoe logi. Nilipofungua, faili la zamani kuliko yote lilianzia Jumapili iliyofuata kifo. Nilijaribu programu za kufufua mafaili siku nzima. Seva ilikuwa imeshaandika mengine juu yake, wapi! Kesho yake tukakaa kikao: Mganga Mfawidhi, Katibu, Mzee Chacha, Bhoke kwenye kiti cha peke yake, na mimi.

"Afisa TEHAMA," Mganga Mfawidhi akasema, "ombi liliingia saa ngapi?"

"Mfumo unasema saa nane, daktari. Logi ya wiki ile haipo. Imepita muda."

Katibu akadakia haraka, uso umemng'aa. "Yaani mashine imefuta yenyewe?"

Ee Mungu wangu. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema, mimi ndiye niliyeiagiza, na nilikuwepo msibani mzee alipoweka nadhiri yake. Nilikuwa nimebakiza miaka michache tu nistaafu.

"Ndiyo," nikasema. "Yenyewe."

Mzee Chacha alinigeukia. "Mura, hiyo mashine haijui kwamba watu wana msiba?"

Bhoke alinitazama, akataka kusema, akaacha. Alisema baadaye, mara moja tu, kwa sauti ya chini: "Mimi niliandika saa nne." Hakuna aliyeandika maneno hayo kwenye muhtasari.

Alisimamishwa, kisha akaachishwa. Akarudi kwao Nyambureti kulima mihogo. Habari zilimtangulia. Nilisikia kwamba mwanamke akishikwa na uchungu jirani, wanapita mlangoni kwa nesi mzima aliyesomea kazi hiyo, wanakwenda kutafuta bodaboda ya Mugumu, maana huyu ndiye aliyemwachia mzazi akafa. Mzee Chacha naye alikuwa na jibu lake. Alisema hadharani kwamba jina la Bhoke lisitajwe tena uani kwake.

Mimi nikawa mtu makini ghafla. Niliiondoa nne. Nikaweka diski mbili za nje, ufunguo mfukoni kwangu. Nikabandika ukutani karatasi: HAKUNA KUFUTA BILA SAHIHI TATU. Wageni wa wizara walinisifu, nikapewa cheti, nikaitwa semina kuwafundisha wengine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, niliwaambia kwenye semina, nao wakanipigia makofi. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, lakini cheti nilikipokea.

Nilijiwekea kwamba nitamwambia Mzee Chacha nikishastaafu, wakati hakuna wa kunigusa. Mwezi niliostaafu ndio mwezi aliofariki. Nilikwenda kuzika. Nilikaa upande wa wanaume, mbele ya ugali na nyama, na neno langu kooni. Sikulisema. Msibani hatusemi.

Ilibaki mtu mmoja. Nilipanda basi mpaka Mugumu, kisha bodaboda mpaka Nyambureti. Nilimkuta Bhoke uani anageuza mihogo iliyoanikwa juu ya mwamba. Amekonda. Aliniamkia shikamoo, akanipa kigoda, akaendelea kugeuza.

"Bhoke," nikasema, "mashine haikufuta yenyewe. Mimi niliiambia ifute baada ya wiki nne. Na nilikuwa msibani, nikamsikia mzee akisema atakuja baadaye. Nilijua."

Aligeuza vipande vitatu, vinne.

"Ungeweza kuizuia?"

"Ndiyo."

"Ingekuchukua muda gani?"

"Dakika moja. Labda pungufu."

Akanyoosha mgongo, akafuta unga wa mihogo mikononi. "Umemwambia Mzee Chacha?"

"Tumemzika."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifungwa namna ile. Alikaa chini kwenye mwamba, katikati ya mihogo yake, akafunika mdomo kwa mkono. Alilia bila sauti, mabega tu. Nami mzee mzima nikakaa pale kwenye kigoda, sijui niondoke au nibaki.

"Mimi umeniambia nini, mzee?" alisema hatimaye. "Mimi najua nilichoandika na saa niliyoandika. Aliyetaka kujua ni yeye. Alikuja na fimbo yake akauliza, ukamjibu 'yenyewe'. Amekwenda nalo jibu hilo kaburini."

Nikamuuliza nifanye nini sasa. Akasema hajui, kazi ya kutunza kumbukumbu haikuwa yake. Kisha akainuka, akaendelea na mihogo, kwa sababu mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa mbuga. Nilimsaidia kukusanya. Hakunikataza, hakunishukuru.

Ninyi vijana mnaosimamia seva, mmenikaribisha niwaelezee kazi ilivyokuwa zamani, na najua mlitaka visa vya panya. Logi zenu sasa zinajizungusha zenyewe, zinajibana zenyewe, zinajituma mbali zenyewe. Msilitumie neno hilo mbele yangu. Kuna mtu aliandika namba mahali. Siwezi hata kuapa kwamba Bhoke alisema kweli, ingawa ninamwamini kwa roho yangu yote. Kuweza kuapa ndiyo ilikuwa kazi yangu, nikalipwa mshahara kwa ajili yake, na nikaitupa Jumapili asubuhi.

Sina diski wala sina faili. Nina karatasi hii, basi naiandika kama nilivyofundishwa masjala, jina na saa. Mzazi aliitwa Nyangi. Nesi ni Bhoke, wa Nyambureti, anasema aliomba damu saa nne asubuhi. Ile nne nyingine niliiacha mimi, Mwita, na nilikuwa nimesikia.