Injini Aliyoitaka Baba

Gari letu lilinuka kitunguu swaumu hata likiwa tupu. Kiti cha nyuma kiling'olewa zamani ili magunia yakae vizuri, na siku za mnada lilitoka Bashay hadi Dongobesh limeinua pua kama ng'ombe anayenusa mvua. Siku nyingine zote lililala nyuma ya nyumba, kuku wakitaga chini yake.

Ndiyo maana baba alipoanza kusema habari ya pampu, sikuweza kumbishia. Mfereji ulikuwa unakauka kila mwaka mapema zaidi, na bustani yetu iko juu ya mto. Kila asubuhi alikuwa anabeba maji kwa ndoo, analala na mgongo unamuuma, halafu asubuhi anarudi mtoni tena.

"Gari linafanya kazi siku ya mnada tu," aliniambia. "Kitunguu kinakunywa kila siku. Tufungue injini, tuifunge pale mtoni, ivute maji."

Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Lakini mimi nilikuwa nimeshaifanyia kazi injini ile. Nilikuwa fundi mdogo wa gereji pale Dongobesh, na kila kilichotupwa pale nilikitazama mara mbili. Nilichonga kichwa cha injini taratibu, nikaweka bomba pana la moshi, nikakata springi ili gari likae chini kidogo, na upande wa dereva nikachora mstari mwekundu uliopinda mlangoni kwa sababu kuku alinipitia miguuni. Darasani fizikia ilinishinda, siwezi kudanganya. Ila nikiweka mkono kwenye boneti gari likiwa linanguruma, nilikuwa naona vitu: barabara ndefu, watu wamejipanga pembeni, na mimi nimevaa glavu.

Kisha kwenye kundi letu la simu, mafundi wa Mbulu na Hanang, likaja tangazo. Mashindano ya magari yaliyofanyiwa ufundi nyumbani, Getanuwas, kwenye tambarare. Si ya matajiri. Unakuja na gari ulilolitengeneza mwenyewe, unakimbia mstari mmoja ulionyooka, unasimama ndani ya boksi lililochorwa kwa majivu. Kila gari linakimbia mara mbili, na muda mzuri ndio unaohesabiwa.

Nilimwambia baba nikiwa nimeshika ndoo, kusudi anione ni mtu wa maana. Alifikiri, akatema kipande cha bua alilokuwa anatafuna.

"Sawa. Nenda kakimbie. Ukiwa katika watatu wa mwisho, Jumatatu tunafungua injini, na sitaki kukuona umenuna. Usipokuwa, gari litabaki gari, nami nitatafuta njia nyingine."

"Asante, baba!"

"Usinishukuru. Nakuja na wewe. Nataka kuiona injini yangu ikikimbia."

Tukashuka. Kwetu Bashay asubuhi ukiongea mdomo unatoa moshi, lakini kadiri tulivyoteremka nilivua sweta, kisha nikafungua vioo, na mlima Hanang ukawa unakua mbele yetu. Getanuwas palikuwa pameshajaa. Wachungaji walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja, fimbo mabegani, wakiyatazama magari kwa jicho lile lile la kutazama ndama wa jirani. Kulikuwa na pikapu iliyokatwa paa, kulikuwa na gari la mwalimu mmoja lenye taa za rangi hadi chini ya matairi, na kijana mmoja wa Katesh aliyefunga bomba la moshi likatokea juu kama jiko la mkate.

Mtangazaji alikuwa fundi cherehani mwenye kipaza sauti cha kanisani kwao. Tulipopita karibu yake akavuta pumzi.

"Jamani! Mnasikia harufu? Kachumbari imefika! Nani ana nyanya?"

Watu wakacheka, baba akacheka kuliko wote. Na mimi nikacheka.

Mkimbio wa kwanza ulikuwa aibu. Bendera ilishuka, nikakanyaga mafuta, gari likaruka hatua chache halafu likaanza kukohoa kama mbuzi aliyelamba majivu. Lilikwenda linakata, linashika, linakata. Nilifika kwenye boksi huku mtangazaji akisema, "Muacheni, anamwagilia njiani!"

Nilifungua boneti. Nikachomoa plagi moja: nyeupe, kavu. Injini ilikuwa na njaa ya petroli. Nikasimama pale nimeishika plagi, kisha nikajipiga paji la uso. Sisi wa milimani hewa yetu ni nyepesi, na gereji zetu zote zina mtindo mmoja: ukifungua kabureta, unaweka jeti ndogo, yaani kile kitobo cha shaba kinachopitisha petroli, maana ukiacha kubwa plagi zinakuwa nyeusi tii. Nilifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyofunga kamba za viatu. Nikalijaribu gari Bashay, likanguruma kama simba. Lakini huku chini hewa ni nzito, inadai petroli zaidi, na ile jeti kubwa niliiacha nyumbani dirishani.

"Imekufa?" baba akauliza. Nilimtazama nione kama amefurahi. Hakuwa amefurahi.

"Haijafa. Ina njaa. Baba, ningevuta choki kidogo ingepata petroli zaidi. Ila ukiiachia tu inarudi ndani yenyewe. Na mimi mikono yangu iko kwenye usukani na gia."

Baba akatazama kile kishikio cha choki kwenye dashibodi, akatazama uwanja. Sheria ziliruhusu msaidizi ndani ya gari. Kulikuwa na wengine wawili waliokimbia na wake zao.

"Inavutwa kiasi gani?"

"Nusu. Injini ikipanda unaiachia pole pole. Utaisikia."

"Mimi nimekamua ng'ombe tangu sijaota meno," akasema. "Kuvuta na kuachia pole pole utanifundisha wewe?"

Akaingia. Akafunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena. Nilimwona anafuta kiganja kwenye suruali, nikapata wazo la ajabu: huyu mzee anaitaka injini hii kwa shida ya mgongo wake, na sasa ameishika mkono nisiikose. Ilibidi nitazame pembeni.

Tukapangwa kwenye mstari. Na hapo mambo yalikuwa yamebadilika. Kijana wa bendera alipewa mapumziko, na heshima ya kuanzisha ikapewa mzee mwenye malisho yale, ambaye ndiye aliyeturuhusu tuyachakaze. Alikuwa mrefu, amekauka vizuri, amevaa shuka nyeusi, na shuka nyingine nyekundu ameishika juu. Walikuwa wamemfundisha: ukiishusha, gari linaondoka.

Akaja akasimama mbele yetu upande wa dirisha langu. Karibu kabisa. Mtu wa umri ule amesimama hatua mbili kutoka kwako, wewe umekaa, tena umemwelekezea pua ya gari. Mdomo ulitangulia.

"Shikamoo, babu!"

Na kutoka kiti cha pili, choki ikiwa mkononi, baba naye akainamisha kichwa: "Shikamoo, mzee!"

Tukangoja. Mzee hakusema kitu. Alikuwa anatazama mbali, uso umekaza. Shuka nyekundu ikashuka taratibu mpaka chini.

Tukaendelea kungoja.

Kwetu mtoto akimwamkia mkubwa halafu akaondoka kabla ya kuitikiwa, hiyo ni habari inayofika nyumbani kabla yake. Kwa hiyo nilikaa, nimemkazia macho mzee wa watu, mguu umeganda kwenye klachi. Baba naye kakaa, shingo imeinama. Watu walikuwa wanapiga kelele, nikadhani wanatushangilia.

"Kachumbari!" kipaza sauti kikalia. "Mnalala? Shuka imeshuka! Ondokeni!"

"Nenda!" baba akaruka. "Nenda, wewe mtoto, nenda!"

Nikaachia klachi. Gari liliondoka kama lililotukanwa. Baba alivuta ile choki kwa vidole viwili, na kila injini ilipopanda aliiachia kidogo, kidogo, wala halikukohoa hata mara moja. Gia ya pili, ya tatu. Vumbi la kitunguu kutoka sakafuni likapanda likatuingia machoni, tukawa tunalia wote wawili. Nilimsikia akipiga ukelele mrefu ambao sijawahi kuusikia kwake, wala kanisani, wala harusini. Tukaingia kwenye boksi la majivu tumenyooka. Baba hakuachia choki mpaka nilipomfungua vidole.

Matokeo yalisomwa kutoka mwisho. Saa za simu huanza kuhesabu shuka inaposhuka, haziulizi nani hajaitikiwa. Tulikuwa wa tatu kutoka mwisho.

Niliinama nikajifanya nakagua tairi. Nikaanza kupanga kichwani spana zitakazotakiwa Jumatatu, maana ahadi ni ahadi, na mgongo ule niliuona kila siku. Nilitaka tu kuomba mstari mwekundu usikwanguliwe.

Ndipo yule mzee akaja, anatembea haraka kuliko nilivyotegemea.

"Ninyi wa kitunguu," akasema. "Mliniamkia."

"Ndiyo, mzee," baba akajibu.

"Wale vijana waliniambia nisiseme neno, nisimtazame mtu, nishushe shuka tu. Wengine wote walinitazama kama nguzo. Ninyi mliniamkia, na mimi nikawanyamazia. Tangu pale moyo haujakaa. Marahaba. Wewe, na mtoto wako."

Baba akamwambia hakuna shida. Kisha, sijui kwa nini, akamweleza yote: mfereji, pampu, watatu wa mwisho. Mzee akasikiliza kwa makini, fimbo kifuani.

"Kwa hiyo mtoto ananyang'anywa gari kwa sababu alisubiri salamu."

"Si hivyo..."

"Ni vipi? Nani alimfundisha kusubiri?"

Baba akanitazama, akatazama gari, akatazama vidole vyake viwili.

"Nilimfundisha mimi," akasema. "Na mimi mwenyewe nilikuwa nimesubiri pale pale." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea boneti, akaruka kwa sababu ilikuwa ya moto. "Basi. Injini haifunguliwi. Nitamnyang'anyaje mtoto gari kwa shikamoo niliyomfundisha mwenyewe?"

Nilimkumbatia hadharani, jambo ambalo kwetu halifanyiki sana, akanisukuma kidogo, si sana.

"Ila kitunguu hakijui habari za salamu," akasema. "Kinataka maji. Pampu hatuna. Kwa hiyo pampu ni wewe."

Jumatatu alfajiri, kabla sijaenda gereji, tulikuwa mtoni, yeye na ndoo moja, mimi na mbili. Baridi ilikuwa inauma mpaka masikioni. Kwenye kilima cha kwanza nilianza kuhema.

"Pampu inakohoa," baba akasema nyuma yangu.

"Hewa ya huku nyepesi, baba."

"Vuta choki."

Nikacheka, maji yakanimwagikia viatuni, nikarudi kuchota mengine.