Kodi ya Neno Moja

Siku ile kanisani tulikuwa watu wanne: mimi; mdogo wangu Kalisa; kitinda mimba wetu Mutesi, niliyembeba mgongoni; na Mzee Saidi, fundi cherehani wa mtaa wa Gatsata, aliyetukuta baadaye akiwa na ufunguo usio na kazi. Njiwa siwahesabu.

Nimewakumbuka kwa sababu ya neno. Juzi wazee wa upande wa mchumba wa Mutesi walikuja nyumbani, na mmoja wao, aliyekulia Tanzania, akatamka "mahari" taratibu, kama mtu anayeweka mezani kikombe kilichojaa. Wenzangu waliwaza ng'ombe. Mimi nilisikia harufu ya matofali yaliyolowa na mavi ya popo.

Mwaka ule Mama alimfuata Baba. Baada ya matanga ndugu walitugawa kama wanavyogawa vyombo: Kalisa aende Uganda kwa mjomba, Mutesi kwa shangazi, mimi nibaki kwa binamu nimalize shule. Nikasema shule naiacha, wadogo zangu nitawalea mwenyewe. Mjomba hakunicheka. Aliuliza tu, "Utawaweka wapi? Nionyeshe, nami nitaondoka peke yangu." Mwenye nyumba alishataka chumba chake, na basi la mjomba lilikuwa linaondoka stendi ya Nyabugogo kesho yake asubuhi.

Basi tukapanda mlima. Huko juu kulikuwa na kanisa kuukuu la matofali, ambalo waumini walilihama walipojenga lingine kubwa zaidi. Nusu ya mlango ilikuwa imeoza. Ndani, mwanga uliingia kwa mafungu kupitia paa lililopoteza vigae, na mchwa walikuwa wamekula mabenchi upande wa chini, yakabaki yanaonekana mazima mpaka uyakalie. Ukutani palichorwa mtakatifu fulani, lakini rangi ilibanduka, akabaki na makobazi tu. Mutesi aliyapungia mkono makobazi yale. Kwenye ubao wa nambari za nyimbo bado zilining'inia nambari za ibada ya mwisho, na Kalisa akataka kujua ni wimbo gani walioagana nao.

Mimi sikuwa na habari ya nyimbo. Nilikuwa napanga nyumba. Nyuma ya altare nilipata pembe kavu, nikaifagia kwa tawi, nikatandika kanga ya Mama. Hapa Mutesi, pale Kalisa, mimi karibu na mlango. Nilijiona mtu mzima kabisa.

"Mnatafuta nini humu?"

Alikuwa mzee mwenye kanzu na kofia ya kazi ya mkono. Baadaye nilijua kuwa makundi mawili ya waumini yaligombea ufunguo wa kanisa lile mpaka wakakubaliana kumpa Mwislamu aliyewashonea kanzu za kwaya, kwa kuwa yeye hakuwa na upande. Mlango ulioza, ufunguo akaendelea kuutunza.

Kwetu, ambako Kiswahili ni lugha ya Waislamu, ukiona kofia ya namna ile unakitoa, hata kama huna cha kutosha. Nikasimama wima. "Tunatafuta mahari, Mzee."

"Mahari? Nani anaoa? Huyu?" Akamnyooshea Kalisa kidole.

"Mimi sioi mtu," Kalisa akasema. "Tunatafuta pa kurara."

"Na kurara tena." Mzee akakaa kwenye benchi, likalia, akainuka upesi. "Sikiliza, binti. Mahari ni ng'ombe. Pa kukaa ni mahali. Sema."

"Mahari."

"Ulimi juu. Ma-ha-li."

"Mahari."

Hapo kigae kikachomoka juu, kikapasukia kwenye kanga ya Mama, pale pale nilipompangia Mutesi. Njiwa wote waliruka. Mzee akaacha mzaha. Aliuliza wazazi wetu wako wapi, nikamweleza yote, pamoja na mjomba na basi lake.

"Humu si mahali wala mahari," akasema. "Nyuma ya cherehani yangu kuna chumba. Kimejaa majora ya vitambaa, tutayasogeza."

Nikauliza kodi. Mama alikuwa akisema mgeni asiyedaiwa kitu ndiye wa kwanza kufukuzwa.

"Kodi ni hilo neno. Siku utakayolitamka sawasawa, tumemalizana. Kabla ya hapo nakudai, na mtu ninayemdai simruhusu aende mbali."

Asubuhi mjomba alikikagua chumba, akagonga ukuta kwa ngumi, akavua sweta yake akampa Kalisa. Akaondoka peke yake.

Nilidhani ni mzaha wa mzee. Nilishajifunza cherehani kwake, kanisa lilishalala chini kwa mvua, nami nilishakuwa na wasichana ninaowafundisha, ndipo nilipoelewa: alinipa deni ili nilale kwake bila kuona haya.

Jana nilikwenda kumwona. Sasa hasikii vizuri.

"Umekuja kulipa?"

"Nimekuja kukuomba ukae kiti cha baba siku ya Mutesi, Mzee. Upokee mahari."

"Umekosea tena."

"Safari hii sikukosea."

Akacheka mpaka kofia ikahama kichwani. Akakubali. Nilipokuwa naaga akauliza atakaa upande gani, maana sikio lake moja ndilo linalofanya kazi.

Siku hizi ulimi wangu naweza kuuinua nikitaka.

"Usijali, Mzee," nikamwambia. "Nitakuonyesha mahari pako."