Fahali Aliyekuwa Mzima Mwisho wa Juni

Mwaka wa hesabu wa chama chetu cha wafugaji, kule Mwamkulu, hufungwa mwisho wa Juni. Julai, kabla hatujasaini hesabu, fahali wetu wa mbegu alifura tumbo. Akachinjwa harakaharaka, na tumboni mwake ikatoka kanga.

Nyama ikapikwa siku ya mkutano mkuu. Mimi, mhasibu kutoka mjini Mpanda na suruali yangu ya kunyooshwa, nikasimama kuwafundisha kanuni watu wanaotafuna. Kama fahali aliimeza kanga kabla mwaka haujafungwa, basi alikuwa ameshaharibika, na lazima tumshushe thamani katika hesabu za mwaka ule. Kama aliimeza baadaye, anabaki mzima vitabuni, na kifo chake tunakiandikia maelezo tu.

"Yaani tunamla, na bado ni mzima?" akauliza mmoja.

"Vitabuni," nikasema. Wakacheka mpaka nikakasirika.

Mwenyekiti hakucheka. Alisema kama fahali alikuwa na tatizo tangu Juni, basi mchungaji alilificha, na leo hii kazi hana. Mchungaji, mzee wa Kisukuma aliyemlea fahali tangu ndama, aliketi pembeni. Sahani yake hakuigusa.

Kanga ikaletwa, imeshafuliwa. Mama mmoja akaruka. "Yangu hiyo! Ilipotea kambani mwezi wa sita!"

Nikafurahi, Mungu anisamehe. Ushahidi safi kama huo mhasibu haupati kila siku.

Mzee akasimama. "Mwezi wa sita alikuwa anakula, anapanda majike, nikimwita anakuja. Mwanangu mhasibu, kama alikuwa ameshakwisha, mimi nilikuwa nachunga nini?"

Yule mama akaigeuzageuza kanga yake.

"Jamani nyie, nimechanganya. Niliianika Saba Saba."

"Kweli, hata mimi niliiona," akadakia jirani yake.

Ghafla mkutano mzima ulikuwa umeiona kanga kambani siku ya Saba Saba, hata bwana mmoja ambaye sote tulijua siku hiyo alikuwa amelazwa hospitali. Upuuzi mtupu! Mwenyekiti akanitazama. Nikaandika.

Mzee akaja mezani. "Nisomee hapo alipo."

Nikasoma: mwaka ulipofungwa, fahali alikuwa hai na mwenye afya njema.

"Soma tena."

Nikasoma tena, polepole, na watu wakaacha kutafuna.