Kuaretiwa kwa Kayai

Papa Viateur Twizeyimana wa Ndosho, hapa Goma, ana motoka ndogo ya mviringo, rangi ya maziwa, ambayo mtaa mzima unaiita Kayai, maana imekaa kama yai. Ukiiona utadhani ni ya enzi za mababu. Kumbe si ya zamani hata kidogo. Kiwanda huko Ulaya ndicho kiliamua kuunda gari jipya lenye sura ya kizee. Wazungu nao! Sisi tunahangaika kupaka magari ya kizee rangi yaonekane mapya, wao wanafanya kinyume. Papa Viateur aliipenda hiyo akili yao kupita kiasi.

Kazi ya Kayai ni arusi. Mabinti wa Birere na wa Mapendo, hata wa watu waliokuwa wakimcheka, wameshuka mlangoni mwa kanisa wakitoka kwenye kiti chake cha nyuma. Lakini kila akimshusha bibi arusi wa wenyewe, Viateur alikuwa akimwona wake tu, Munezero, mutoto pekee aliyeachiwa na marehemu mke wake. Alimwahidi tangu hajang'oa meno ya utoto: siku yako nitakupeleka mimi, na Kayai. Hiyo ndiyo ndoto aliyokuwa nayo, na hakuwa na nyingine.

Basi Munezero akachumbiwa na Carlos Kamate, kijana wa Butembo, arusi ikapangwa Jumamosi. Wiki hiyohiyo radio ikasema kwa Kifaransa kwamba kile kiwanda kinafikiria kuiareti modeli hiyo, isiundwe tena, uamuzi bado. Mutu mwenye akili zake angenyamaza. Viateur alikwenda mpaka Birere kutangaza.

"Munasikia? Bataiareti! Yangu ndiyo itabaki ya mwisho Goma muzima!"

Maskini, alidhani anajisifu. Kwetu neno hilo kuareti lina kazi mbili: unaareti kazi, yaani unaisimamisha, na unaareti mwizi, yaani unamkamata. Birere ikachagua mwizi. Ikawa Kayai inatafutwa, ati iliibwa Ulaya, ati itakamatwa barabarani pamoja na yeyote atakayekutwa ndani. Habari ikawafikia bakwe, watu wa upande wa Carlos, kabla Viateur hajarudi nyumbani.

Jumamosi asubuhi, Kayai imeshavishwa maua na utepe mbele ya nyumba, akafika Muzee Grégoire, baba mukubwa wa Carlos na msemaji wa bakwe, na jeep kubwa nyeupe.

"Papa Viateur, tunakuheshimu sana. Lakini bibi arusi wetu hataaretiwa njiani na shela yake. Apande huku."

Viateur akacheka kwa raha ya mutu mwenye jibu mfukoni. "Hapana, Muzee! Hakuna wa kuikamata. Kuzaliwa kwake ndiko kunaaretiwa. Kiwanda hakitazaa zingine tena. Ni hiyo tu!"

Angesema kutengeneza, saa hiyo wangekuwa wameshafika kanisani. Lakini alisema kuzaa, ulimi huo! Muzee Grégoire akarudi nyuma.

"Hazitazaliwa tena?"

"Hata moja!"

"Na wewe unataka kumupeleka muke wa mutoto wetu ndani ya motoka yenye uzazi umefungwa? Tena inaitwa Kayai? Aka! Heri wangeikamata."

Mama Kasoki, shangazi ya Carlos, akafanya ishara ya msalaba. Viateur akajaribu kueleza mambo ya viwanda, kwamba uamuzi bado (na kwa taarifa yenu, mpaka leo bado wanafikiria). Nani amsikilize? Vijana wa bakwe walikuwa tayari wanafungua utepe waufunge kwenye jeep. Viateur akaushika ule utepe kama mutoto anayenyang'anywa, na machozi yakamtoka, mutu mzima, mbele ya bakwe.

Munezero alikuwa mlangoni ndani ya shela. Alisikia yote, akamwona baba yake na ule utepe mkononi.

"Muzee Grégoire," akasema, "musiogope mambo ya uzazi. Mutoto iko tayari. Muulizeni Carlos."

Yesu Maria! Wa kwanza kupata akili alikuwa Muzee Grégoire. Akaiendea Kayai, akafungua mlango wa nyuma kwa mkono wake, akapangusa kiti kwa kofia yake.

"Ingia, mama," akasema. Kisha akamgeukia Viateur: "Na wewe, pole pole kwa hayo mawe. Umebeba mujukuu wetu."

Maneno ya siku hiyo Viateur alikuwa ameyapanga tangu zamani, matamu, ya baba. Hakukumbuka hata moja. Aliendesha taratibu juu ya mawe ya volkano mpaka jeep nyuma ikapiga honi.

"Papa, umekasirika?"

"Sana," akasema. "Jishike vizuri, kuna shimo."