Kirangozi Asiyetaniwa

Ilikuwa imebaki wiki moja niisome riwaya yangu mbele ya wenzangu wa kikundi cha waandishi, na sikuweza kukaa mahali nikatulia. Ilihusu msafara wa kale kutoka pwani kuja Unyanyembe, huku kwetu, katika nchi ya majini na milango ya mawe. Mbele alitangulia kirangozi, mwongoza njia, mzee wa ndevu nyeupe mwenye fimbo inayong'aa. Nyuma yake wapagazi walibeba sanduku lisiloruhusiwa kufunguliwa.

Jioni moja nikapita kwa binamu yangu, mtaa wa Mtendeni. Nikamkuta anacheza gemu: chombo kinapasua anga kati ya nyota, nahodha wake mzee wa ndevu nyeupe, na ndani kuna sanduku.

"Lina nini?" nikauliza.

"Halifunguliwi hilo. Ukifungua, dunia kwisha."

Nikamsimulia riwaya yangu, naye akacheka mpaka akaachia kipanya.

"Dada, wewe umeng'oa injini tu ukaweka miguu! Wenzako watasema umeiba."

Sikuwa nimeiba. Hata gemu lile sikuwahi kuliona. Lakini ndevu zile nilizipata wapi? Nilitembea hadi Kwihara na kurudi nikijiuliza, juani, bila mwavuli. Riwaya zote nilizozipenda zilikuwa na mzee yule, na bila shaka waliotunga gemu walizipenda pia. Nikaanza kufikiria kuichoma kazi ya miaka.

Kabla sijaamua, babu akafariki, tukaenda Bukene kumzika. Jeneza lilipoinuliwa, mtani wetu, fundi cherehani wa Kizaramo, akajilaza chali njiani.

"Haondoki mtu! Tangu lini Mnyamwezi akabebwa? Mizigo ya babu zangu nani ataifikisha pwani?"

"Toka hapo!" bibi akamjibu, machozi yangali mashavuni. "Mzaramo wewe, unachoweza kubeba ni ngoma tu, nayo mpaka ulewe!"

Uwanja mzima ukacheka. Bibi akacheka kuliko wote, akashika mbavu. Ndipo mtani akainuka, akajikung'uta vumbi, akaweka bega lake chini ya jeneza, upande wa mbele.

Binamu akaninong'oneza, "Huyu kwenye gemu langu hayumo."

Kwenye riwaya yangu pia hakuwemo. Nilikuwa nimeandika msafara wa Wanyamwezi na watu wa pwani, miezi mizima porini, bila mtu hata mmoja kumtania mwenzake. Utani wenyewe ulizaliwa njia ileile!

Garini, wakati wa kurudi, nikamnyoa kirangozi ndevu kwa kalamu. Fimbo nikaitupa. Kwenye mlango wa mawe nikamlaza mtani, amtukane kirangozi mpaka wapagazi watue mizigo kwa kucheka. Sanduku nililiacha.

Siku ya kusoma, mmoja akanikatiza: "Sanduku hili mbona nimelikuta kwenye gemu?"

"Hata mimi," nikamjibu, nikafungua ukurasa ambapo mtani amelala njiani.